Dawa za Wanaume Anazomeza Mama Mkwe

Mama mkwe wangu anameza dawa za wanaume. Nimeanza hivyo makusudi, kwa sababu nimechoka kuzunguka. Kwa muda mrefu nilikuwa nasema "dawa ya pumzi", au "ile ya hospitali", au "vile vidonge vyake", na kila nilipoacha pengo watu walilijaza wenyewe, kwa yale wanayoyapenda. Sasa nasema. Ni zilezile ambazo wanaume wananunua kwa kunong'ona, wakitazama pembeni. Mama mkwe anameza nusu kidonge asubuhi, nusu mchana na nusu jioni, na asipomeza hawezi kutoka jikoni mpaka zizini bila kusimama njiani.

Mimi si wa huku. Nimezaliwa uwanda wa Hanang, upande wa Mogitu, kwa watu wa ng'ombe, nikaolewa Maretadu kwenye mahindi na maharage, na kwenye baridi ambayo mpaka leo sijaizoea. Mama mkwe ana lugha yake, mimi nina yangu, na katikati yetu kuna Kiswahili, ambacho yeye alikipata kanisani na mimi shuleni. Tumeishi miaka yote kwa lugha ya kuazima. Labda ndiyo maana hatujawahi kugombana vizuri. Ugomvi mzuri unataka lugha uliyonyonya nayo.

Kwetu mwanamke aliyeolewa hatamki jina la baba mkwe wake, wala maneno yanayolikaribia jina hilo. Baba mkwe alifariki kabla sijapata mtoto wa kwanza, lakini mazoea hayakufa naye. Kuna chombo kimoja cha jikoni ambacho hadi leo nakiita "kile cha kukorogea", na kuna siku moja ya wiki ambayo naiita "kesho yake" au "juzi yake" kutegemea tumesimama wapi. Watu wa huku wananicheka. Mama mkwe mwenyewe alikuwa akiniambia, "Sema tu, mwanangu, hafufuki." Sikusema. Nayaeleza haya ili ijulikane kwamba kuzunguka neno si kazi ngeni kwangu. Niliifanya tangu nilipoolewa na sikuwahi kuhisi uzito wake, mpaka nilipoanza kulizunguka neno moja kwa niaba ya nyumba nzima.

Ugonjwa ulianza kidogo kidogo. Mama mkwe alikuwa mtu wa kupanda mlima na debe la maji huku anaongea. Kisha akawa anapanda kimya. Kisha akawa anasimama katikati ya njia na kujifanya anatazama shamba la jirani, na mimi nyuma yake najifanya naamini. Amepika maisha yake yote kwenye nyumba yenye paa la chini na moshi, kwa hiyo watu wakasema ni moshi. Wengine wakasema ni pumu, wengine wakasema ni uzee. Miguu ikaanza kuvimba. Ukibonyeza kidole kwenye goti kushuka chini, shimo linabaki pale likikutazama. Akawa analala ameketi, ameegemea gunia la maharage, kwa sababu akilala chali anasema kuna mtu amemkalia kifuani.

Tulimpeleka hospitali kubwa. Wakampima moyo kwa mashine yenye picha, wakampima tena, na daktari akatueleza kwamba presha iliyoko kwenye mishipa ya mapafu yake imepanda sana, na moyo upande mmoja umechoka kwa kusukuma. Niliuelewa vizuri huo moyo. Kisha akaniita mimi peke yangu kwenye korido. Ni mtu ambaye tungeweza kusoma darasa moja, lakini aliniita mama, na kabla ya kuongea aliinama akatazama viatu vyake.

"Mama, hii dawa ninayomwandikia utasikia watu wanaisema vibaya. Usishtuke. Kazi yake ni kulegeza mishipa ya damu. Wanaume wanaijua kwa mishipa ya sehemu moja. Sisi kwa huyu mama tunaitaka kwa mishipa ya mapafu."

Nilielewa papo hapo ni dawa gani, na nikahisi masikio yanapata moto.

"Na mwanamke anaimeza? Haimdhuru?"

"Mwanamke huyu, kwa ugonjwa huu, kwa kipimo hiki nilichoandika, na awe anakuja kliniki nimwone, ndiyo. Mwanamke mwingine akijichukulia tu, siwezi kukuambia ndiyo. Hata mwanamume akijichukulia tu siwezi."

Akanipa masharti. Asiichanganye kamwe na ile dawa ya kifua inayowekwa chini ya ulimi, kwa sababu presha ya mwili itaporomoka na mtu anaweza kufa. Akisikia kizunguzungu alale. Kichwa kinaweza kumgonga siku za mwanzo. "Na msiikatize ghafla," alisema, "hata akijisikia mzima kabisa. Haimponyi. Inamsaidia kupumua."

Niliporudi kwenye benchi mama mkwe akaniuliza, "Amesemaje?"

"Amesema ni dawa ya kufungua pumzi."

Na ilikuwa kweli. Sitaki mtu anihukumu kwa jibu lile. Nionyeshe mkwe mmoja, kwetu uwandani au huku milimani, ambaye angemtazama mama wa mume wake usoni na kumweleza dawa ile inafanya nini kwa wanaume. Ningependa sana kumwona.

Zilifanya kazi. Haikuwa muujiza wa siku moja, lakini miguu ilipungua, na asubuhi moja nikamsikia anaimba wakati anafagia uwanja. Nilisimama na ndoo mkononi nikalia kidogo, kisha nikaenda kukamua. Alirudi kwenye jumuiya, akarudi shambani kuvuna maharage, taratibu, mstari mmoja wakati sisi tunamaliza mitatu. Nilikuwa nimechoka kumsikiliza akipumua, nikasema sasa nitapumzika.

Kisha dirisha la dawa la hospitali wakasema imeisha, tukatafute nje. Nikaenda kwenye duka la dawa la hapa kijijini. Muuzaji wake ni mwanamume ambaye kitu kikiingia sikioni hakikai, kinatokea mdomoni. Nikampa karatasi ya daktari imekunjwa. Akaikunjua, akaisoma, akanitazama juu mpaka chini.

"Mzee amechoka?"

"Nipe dawa."

"Nauliza tu, mama. Na hivi vingi hivi! Anafungua shamba jipya?"

Waliokuwa wanasubiri Panadol wakacheka. Nikachukua mfuko wangu nikatoka. Nilijua kwamba habari itafika nyumbani kabla yangu, maana mimi nilikuwa napanda mlima na yenyewe inavuka barabara tu kwenda kilabuni.

Mume wangu alirudi jioni ile mapema, akakaa kwenye kigoda, akautazama ugali kwenye sahani kana kwamba hajui unaliwaje.

"Umenunua nini dukani?"

"Unajua. Dawa ya mama."

"Kule kilabuni wananiuliza kama shamba limenishinda. Wanasema niseme tu, watakuja kunisaidia kulima."

Nilitaka kucheka, lakini uso wake ulinikataza.

"Waambie ni za mama yako."

Akanitazama kama mtu aliyepigwa kofi. "Niseme neno lile na mama yangu katika sentensi moja? Mbele ya wanaume? Wewe una akili?"

Nikamsogezea mboga. Katika nyumba ile mimi ndiye niliyekuwa na haki ndogo kuliko wote ya kumcheka mtu kwa kushindwa kutamka neno.

Basi akaamua dawa isinunuliwe tena hapa. Inunuliwe mbali, ambako hatujulikani. Kwa hiyo ikawa kila zikikaribia kuisha, mimi nafunga safari ya Katesh. Bodaboda mpaka barabara kubwa, basi, vumbi au tope kutegemea msimu, halafu naulizia duka moja la dawa ambalo muuzaji wake ni mwanamke mwenye miwani. Yeye alisoma karatasi bila kucheka. Aliuliza mgonjwa ni nani, ana umri gani, anatumia dawa gani nyingine, kama kuna za chini ya ulimi. Mara ya kwanza aliponiuliza hivyo nilitaka kumkumbatia. Nikitoka hapo nalala kwa mama yangu Mogitu, kesho yake narudi. Mama yangu aliniuliza kwa nini nimeanza kupenda kwetu uzeeni. Nikamwambia nimemkumbuka. Na hilo pia lilikuwa kweli, ila halikuwa sababu.

Safari zile zilinimaliza. Watoto wanabaki na dada yao mkubwa, ng'ombe wanakamuliwa vibaya, mahindi yanapaliliwa kwa kuchelewa, nami niko kwenye basi nimekumbatia mkoba wenye vidonge ambavyo vingepatikana hatua chache kutoka nyumbani kwangu. Yote hiyo ili wanaume fulani wakae kilabuni bila la kusema. Nao la kusema walikuwa nalo bado. Mzaha ule haukuisha kwa sababu mimi nimeacha kwenda dukani. Ulikuwa umeshaota mizizi, na mume wangu akaacha kwenda kilabuni kabisa. Jioni alikaa jikoni nasi, akichokonoa moto kwa kijiti na kutuharibia mboga kwa maoni yake.

Mama mkwe aliona mabadiliko yale akayaelewa kwa namna yake. Aliamini mwanawe ameokoka. Alisimama kwenye jumuiya akamshukuru Mungu kwamba kijana wake ameacha pombe, na wanawake wenzake wakaitikia amina huku wakitazamana. Nilikuwepo. Nilitazama chini nikahesabu shanga za sapatu zangu.

Wakati wa kupura maharage wifi yangu alikuja kumsalimia mama yake. Ameolewa bonde la Yaeda Chini, mbali, kwa njia mbaya, kwa hiyo akija anakaa. Ni mtu mzuri. Ana presha, anapewa vidonge zahanati, na ana mume ambaye amejaa maneno. Tulikuwa tunapiga maharage kwa fimbo uwanjani, wawili tu, akanisogelea.

"Wifi. Zile dawa, kwa mwanamke zinafanya nini?"

"Zinafungua mapafu."

"Siulizi za mapafu."

Nikaacha kupiga. Akaendelea kwa sauti ya chini, macho kwenye maharage. Alisema mume wake anamwambia amekuwa gogo. Alisema akimaliza maji na kuni na ng'ombe, mwili wake hautaki kitu kingine ila kulala. Amesikia kwamba kama zinamwamsha mwanamume, basi na mwanamke labda.

"Dada," nilimwambia, "hata hamu yangu mimi imebaki kwenye basi la Katesh. Mtu akiiokota anirudishie. Wewe umechoka. Hakuna kidonge cha kubeba maji."

"Lakini zinadhuru?"

"Daktari alisema kwa mama, kwa sababu ya mapafu, na kwa kipimo. Wewe hujapimwa. Na unameza za presha. Hizi nazo zinashusha presha. Utaanguka."

"Wanaume wenye presha wanameza."

"Wanameza, na wengine wanapelekwa hospitali wakasema wamekula samaki mbaya. Hapana, dada."

Akacheka, nikacheka, tukaendelea kupiga maharage. Nilidhani yamekwisha.

Asubuhi iliyofuata wifi alijitolea kukamua. Dawa za mama mkwe zilikaa ndani ya kopo la majani ya chai juu ya rafu, kila mtu analijua. Wifi alikunywa vidonge vyake vya presha, kisha akachukua vile, viwili vizima ili awe na hakika. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba, nikasikia ndoo inaanguka, ng'ombe anashtuka, halafu kimya. Aliyefika wa kwanza alikuwa mama mkwe. Alikimbia kutoka jikoni mpaka zizini bila kusimama. Mwaka uliotangulia asingeweza hata kufika mlangoni.

Wifi alikuwa kwenye samadi, uso umewaka, midomo imekauka, anasema kichwa kinapasuka na kila kitu kina rangi ya buluu. Tulipojaribu kumkalisha macho yalipinduka. Tukamlaza tena. Jirani alileta pikipiki, nikachukua lile kopo la dawa, tukamfunga katikati yetu kwa khanga mpaka zahanati, na mama mkwe akatufuata kwa bodaboda.

Muuguzi alimpima, akaita jina la Mungu kwa sauti ndogo, akamlaza miguu juu na kumtundikia maji. "Umekula nini, dada?"

Wifi alitazama dari. Machozi yalimtoka yakaingia masikioni. "Dawa za mama."

"Zangu?" Mama mkwe alishangaa kweli. "Zangu za pumzi? Zimekuangushaje?"

"Mama, si za pumzi peke yake. Ni dawa za wanaume. Kila mtu anajua. Wanamcheka kaka kilabuni, wanasema ni zake, ndiyo maana hatoki nyumbani."

Muuguzi alichukua kopo mkononi mwangu, akasoma pakiti, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayetaja bei ya nyanya, "Ni za mapafu pia. Kwa mama ziliandikwa na daktari, na zinamfaa. Wewe hukuandikiwa, umekula kipimo kikubwa juu ya dawa za presha. Una bahati umeanguka kwenye samadi, siyo kwenye jiwe."

Wifi alipona. Kichwa kilimuuma mpaka jioni, na siku ya pili alikuwa anakula. Alirudi kwake bondeni na aibu, na kabla hajapanda pikipiki aliniambia hakuona hamu yoyote, ila mbingu ya buluu. Nikamwambia akirudi amwambie mumewe achote maji. Sijui kama alimwambia.

Mama mkwe alirudi nyumbani kimya. Hakunilaumu. Ningependa angenilaumu. Alikaa jikoni anachambua mchicha, jani moja moja, na nilipomkatia nusu kidonge cha mchana alikitazama kwenye kiganja changu akasema, "Kiweke. Nimeshiba dawa."

Nilidhani ni ya siku moja. Siku zikapita. Nikafungua kopo ili nione zimebaki ngapi. Lilikuwa tupu, limeoshwa.

"Mama, dawa ziko wapi?"

"Chooni."

Nilikaa chini. Basi la kwenda na basi la kurudi, tope lote lile, mama yangu akinidanganya kwamba hana usingizi ili tuongee, yote yalikuwa chooni.

"Ni aibu, mama? Ni kwa sababu ni dawa za wanaume?"

Alinishangaa. "Aibu gani? Mimi nimezalisha wanawake wa kijiji hiki, nimeosha maiti za waume zao. Nione aibu kwa kidonge?" Akapumzika kidogo, kwa sababu pumzi ilikuwa imeshaanza kukatika. "Nilisimama mbele ya watu nikamshukuru Mungu kwa ajili ya mwanangu. Kumbe hajaokoka. Kumbe hana pa kukaa. Mwanamume mzima anakaa jikoni ananichokonolea moto, kwa sababu yangu. Akiacha kununua, wataacha kucheka. Mimi nimeshaishi."

"Daktari alisema usikatize."

"Daktari hana mtoto kilabuni."

Nilibishana naye. Nilimweleza kwamba mzaha hauna uhusiano na vidonge tena, kwamba wataendelea kucheka hata akifa. Nilimwomba kwa Kiswahili, kisha nikajikuta namwomba kwa lugha yangu ambayo hajui hata neno, na yeye akanijibu kwa yake. Hatukuelewana na tulielewana kabisa. Hakubadilika.

Miguu ikarudi kuvimba. Ile sauti ya pumzi ambayo niliisahau ikarudi, fupi, ya haraka, na mkono unashika nguzo. Akaliomba tena lile gunia la maharage la kuegemea. Nikamwona yuko njiani tena anatazama shamba la jirani, ambalo lilikuwa limeshavunwa na halina kitu cha kutazama.

Nilikuwa nimechoka na watu wote. Nimechoka na mama ambaye anataka kufa kwa heshima, na mwanawe ambaye anataka kuishi kwa heshima, na mimi katikati nabeba kopo. Nilimfuata mume wangu zizini akiwa anafunga lango, nikamwambia bila salamu.

"Mama hamezi. Amezitupa. Anakufa kwa ajili ya kilabu chako."

Aliendelea kufunga lango.

"Umenisikia?"

"Nimesikia."

"Amesema wewe ukiacha kununua, watu wataacha kukucheka. Ameamua jina lako likae na yeye aondoke. Sasa ujue, maana mimi sitalizunguka tena."

Alimaliza kufunga fundo la kamba. Kisha akaenda kumtazama ndama ambaye hakuwa na shida yoyote. Nilimchukia wakati ule. Nasema ukweli.

Siku iliyofuata ilikuwa ya mnada. Mvua ilikuwa imeharibu njia na basi la Katesh lilikuwa halipandi. Mume wangu alivaa koti lake la kanisani, akatoka bila kuaga. Nikadhani amekwenda kuuza mbuzi, mpaka nikamwona mbuzi bado amefungwa zizini.

Habari ilinifikia kabla yeye hajarudi, kama ilivyo kawaida ya hapa. Safari hii iliupanda mlima mbio. Aliyeileta alikuwa jirani yangu, mama mtu mzima, ambaye alikuwa dukani kununua dawa ya minyoo. Alifika uwanjani anahema na anacheka. Alisema duka lilikuwa limejaa wanaume wa mnada. Mume wangu aliingia, akawasalimia wazee shikamoo mmoja mmoja, akapanga foleni. Ilipofika zamu yake muuzaji akasema kwa sauti ya kutosha wote, "Leo umekuja mwenyewe?"

"Nimekuja mwenyewe. Nipe zangu."

"Zako?"

"Zangu. Na usinipe chache. Nameza mara tatu kwa siku."

Jirani alisema shingo zote ziligeuka. Halafu kicheko kikapasuka, na katikati ya kicheko mzee mmoja akasikika akirudia, "Mara tatu?" na sauti yake haikuwa ya dhihaka tena. Mume wangu alichukua pakiti, hakuifunga kwenye karatasi, hakuitia mfukoni. Aliishika mkononi akavuka barabara, akaingia kilabuni, akaiweka juu ya meza mbele ya wenzake, akaagiza pombe. Alikunywa bakuli moja taratibu. Kisha akasimama akarudi nyumbani.

Hakuweza kusema neno lile na jina la mama yake katika sentensi moja. Mpaka leo hawezi. Akaliweka jina lake mwenyewe.

Aliingia uwanjani anatazama chini. Mama mkwe alikuwa ameketi mlangoni, amefunikwa blanketi, mikono miwili juu ya magoti ili apate pumzi. Mume wangu alipiga magoti, akaweka pakiti juu ya blanketi.

"Aayo," alisema, ndivyo wanavyomwita mama kwa lugha yao. "Dawa yako."

Akaenda kwa ng'ombe. Harufu ya pombe ilibaki pale mlangoni.

Mama mkwe aliigeuza pakiti mkononi. "Amenunua wapi?"

"Dukani. Hapa chini."

"Watu walikuwepo?"

"Mnada mzima."

"Amewaambia ni za nani?"

Maneno ya kuzungukia yalikuwa mengi, nami nilikuwa nayajua yote.

"Amesema ni zake, mama. Amesema anameza mara tatu kwa siku."

Alinitazama. Kisha mabega yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka. Alicheka mpaka kikohozi kikamshika, pumzi ikakatika, akashika nguzo ya mlango kwa mkono mmoja na mkono wangu kwa mwingine. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi, machozi yanamtoka, na bado anacheka. Mimi nilikuwa nacheka na kuogopa kwa pamoja, nikimpigapiga mgongoni, nikimwambia basi mama, basi, taratibu.

Alipopata pumzi ya kusema, akanyoosha kiganja.

"Lete wembe ukate," akasema. "Asije akawa amelibeba jina lile bure."